Nyama ya Punguzo

Kilichomshtua Herminia Zubía hakikuwa giza, kilikuwa kimya. Alikuwa jikoni anageuza tortila, chapati za kwao, kwenye kikaango, taa ikapepesa mara moja ikafa, na papo hapo mtambo wa kusukuma gesi ulio ng'ambo ya barabara, ule uliokuwa ukinguruma mchana na usiku tangu mwanawe akiwa shule ya msingi, nao ukanyamaza. Mbwa aliinua kichwa. Herminia alisimama na mwiko mkononi, anasikiliza. Alikuwa ameulaani mngurumo ule miaka yote hiyo, ameandika malalamiko, ameziba madirisha kwa magodoro, na sasa haukuwapo, na nyumba ilikuwa kama imetobolewa.

Kisha akasikia kimya cha pili, kilichotoka chumbani. Mashine ya oksijeni ya mumewe ilikuwa imezimika.

Placido Zubía hakuweza kuita. Aligonga ubao wa kitanda kwa pete yake ya ndoa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowafahamu vizuri. Herminia aliukimbilia mtungi wa akiba uliokuwa nyuma ya mlango, akafungua koki, akahamisha mrija kutoka mashine hadi mtungi, na alipouona uso wa mumewe unarudia rangi yake alikaa kitandani akajifuta mikono iliyojaa unga.

"Tortila zinaungua," Placido akasema alipoweza kusema.

"Ziungue."

Aliwapigia simu watu wa oksijeni. Waliomba radhi kwa upole wa kulipwa. Barabara yote kutoka mjini ni kioo cha barafu, mama, lori limelala mtaroni, dereva yuko salama, asante kwa kuuliza. Herminia hakuwa ameuliza. Mtungi mzima ulikuwa mmoja, na mwingine ulikuwa na pumzi kidogo chini. Nje, juu ya tambarare ya pamba, theluji ilikuwa inapita ubavuni badala ya kuanguka, na watu wa Caliche, mji wa magharibi mwa Texas ambako watu hununua koti moja la maisha, walikuwa wanavaa soksi mikononi.

*

Siku ya pili umeme ulikuwa bado haujarudi. Nyumba ya Zubía ilikuwa imebaki jikoni tu: kitanda cha Placido walikisogeza hadi kando ya jiko la gesi ya mtungi, mlango wa chumbani wakautundikia blanketi. Mwana wao Nabor aliingia asubuhi kutoka kazini, nyusi zake zina barafu. Yeye ni fundi wa mitambo ya upepo, ile mirefu myeupe ambayo watu wa Caliche huiita mapangaboi. Kazi yake ni kupanda ndani ya mnara kwa ngazi akiwa na kamba kiunoni, na kwa siku mbili alikuwa amepanda na kushuka hadi magoti yakawa yanalia.

Hakuwa amevua buti, mlango ukagongwa. Alikuwa Cruz Armendáriz, aliyemshika Nabor siku ya ubatizo, na mkewe Oralia, wamebeba kuni za mskiti, mti wa miiba wa huko. Cruz alikuwa mwendeshaji wa ule mtambo wa gesi ng'ambo ya barabara. Nabor aliinama akaubusu mkono wa baba yake wa ubatizo, kama alivyofundishwa akiwa mtoto, na baada ya heshima hiyo ugomvi ulikuwa huru kuanza.

"Mimi nilidhani nyumba ya watu wa upepo itakuwa inawaka kama kanisa la mkesha," Oralia alisema huku akipanga kuni. "Kumbe na nyinyi mko gizani kama sisi makafiri."

"Karibu kiti, Oralia," Herminia akajibu. "Maneno yako yaweke na kuni, yatafaa kuwashia."

Cruz alicheka, lakini hakuacha. "Redio inasema mapangaboi yameganda yote. Jimbo zima liko gizani kwa ajili ya mapangaboi."

"Si yote, baba," Nabor alisema. "Kwetu nusu yameganda, nusu yanazunguka. Nimetoka kuyaona sasa hivi."

"Nusu! Mtu akikupa nusu ya kitanda, miguu utaiweka wapi?"

"Na gesi yenu iko wapi? Rafiki zangu walio kwenye kituo kikubwa cha kufua umeme wanasema bomba halileti kitu. Mitambo mitatu ya gesi imekaa inatazamana."

"Visima vimeganda, mwanangu. Maji yaliyomo kwenye gesi yanaganda."

"Kumbe na gesi huganda! Hilo redio yako haijalisema."

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha, baba. Nimepanda mnara usiku kucha, sauti sina."

Placido alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na wote wakanyamaza kumngoja. Mapafu yake aliyaacha katika kiwanda cha kuchambua pamba, ambako wenye mali waliwaambia wafanyakazi kwamba vumbi la pamba ni kama unga wa ngano, halijamdhuru mpishi yeyote. Mwaka walipogoma wakidai barakoa, waliambiwa barakoa ni ghali, kisha wakafukuzwa watu kumi na wawili, na polisi walioletwa kuwafukuza walivaa barakoa. Hakuna jiwe la kumbukumbu ya mambo hayo mjini Caliche. Jiwe la mwenye kiwanda lipo, mbele ya benki, na hupigwa maji kila Jumamosi.

"Mnashindana nani kaharibu zaidi," Placido alisema, "na mimi hapa navuta pumzi ya kwenye kopo."

Nabor alitazama sakafu. "Na sisi tuna kosa, baba. Vipo vifaa vya kuyapasha mapanga joto. Kule kaskazini kwenye theluji wanavifunga kwenye yote, na mapangaboi yanazunguka Januari kama Julai. Hapa kampuni ilisema Texas ni nchi ya jua, vya nini? Sisi mafundi tuliuliza. Tuliambiwa tupande ngazi."

"Haya, angalau amekiri," Oralia alimwambia mumewe. "Na wewe kiri basi kidogo, tupate amani tule."

"Nikiri nini? Visima vimeganda, nimesema."

"Visima sijui," Herminia alisema, bila kugeuka kutoka kwenye jiko. "Ila mtambo wako haukuganda, Cruz."

"Nani kakwambia?"

"Nalala nao ukutani, naujua kuliko unavyoujua wewe, wewe hurudi kwako saa kumi. Ule mwaka wa barafu ndogo ulikohoa kutwa nzima kabla ya kusimama, nikakupigia simu, unakumbuka? Jana haukukohoa. Ulizimika pamoja na taa yangu, kama mtu kabonyeza swichi moja."

Cruz alikuwa ameshika gogo la mwisho. Hakuliweka. Alitazama dirishani, upande ambako bati la mtambo wake lilikuwa limekaa kimya chini ya theluji, na kitu fulani kilipita usoni mwake kama mtu aliyekumbuka kwamba aliacha lango wazi na ng'ombe wako ndani ya mahindi.

"Oralia, twende," alisema.

"Hatujanywa hata kahawa!"

"Twende."

Wakaondoka. Gogo alikwenda nalo.

*

Siku ya tatu, mshale wa mtungi wa pili ulipoanza kulala, Herminia alisema wanakwenda mjini. Ushirika wa umeme, ambao wenyewe ni wateja wake, ulikuwa umeita mkutano wa dharura, na ukumbi wa ushirika una jenereta. Hakuwa na haja ya mkutano. Alitaka soketi.

Nabor aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Placido alikaa katikati, amevikwa mablanketi matatu na kofia ya kuwindia sungura, mtungi miguuni, mashine ya oksijeni mapajani mwa Herminia. Mlangoni mwa ukumbi alisimama kijana wa ofisini mwenye kitambulisho shingoni.

"Mkutano ni wa wanachama, mama. Nyumba moja mtu mmoja, ukumbi umejaa."

"Sisi ni wanachama."

"Nyumba moja mtu mmoja."

"Baba yake huyu," Herminia alisema, akimwonyesha mumewe, "ndiye aliyechimba mashimo ya nguzo zenu za kwanza. Kwa sururu. Alichimba toka hapa hadi kwa kina Stroud, na nguzo zilipokwisha kusimama nyumba yake ndiyo iliyowashwa ya mwisho. Ukitaka mtu mmoja, mchukue yeye. Mimi ni mkono wake na huyu ni mguu wake."

Kijana alitazama mrija puani mwa mzee, akatazama viatu vyake mwenyewe, akasogea.

Ndani palikuwa na joto la watu na harufu ya sufu mbichi. Kila mwaka ukumbi huu huwa na sherehe: mkutano mkuu, nyama ya kuchoma ya bure, bahati nasibu ya majokofu, watu wanapigia kura wajumbe wale wale na kurudi nyumbani na sahani ya karatasi. Leo hapakuwa na nyama. Meneja wa ushirika, Bwana Pruitt, mwanamume mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuwa jukwaani na kipaza sauti. Kando ya ukuta kulikuwa na pipa la kahawa la umeme, na hita mbili, na Oralia aliyekuwa akigawa vikombe. Cruz alikuwa amekaa nyuma kabisa, kofia magotini. Hakuwatazama.

Herminia alimweka mumewe chini ya dirisha, akaona soketi, akachomeka. Mashine ililia mlio wake mdogo wa kuamka.

Na ukumbi mzima ukazimika.

Kipaza sauti kilikufa katikati ya neno. Nje jenereta ilikohoa na kusimama. Katika mwanga wa kijivu wa madirisha, vichwa vyote viligeuka.

"Nani kachomeka nini?"

"Ni kina Zubía. Wamekuja na limashine."

"Watu wa upepo hao! Wamekuja kutuzimia na huku!"

Vicheko vikapita. Placido aliinamisha kichwa, kofia ya sungura ikamfunika macho, na Herminia alijua kwamba akipata nafasi ataomba kurudishwa nyumbani akafie kwake. Alimshika goti ili asiseme.

"Mama," Pruitt alisema kwa sauti ya kubembeleza, "jenereta hii ni ndogo. Ina kazi ya mkutano. Naomba uitoe mashine, tumalize, halafu tutaona la kufanya."

"Utaona lini?"

"Tukimaliza."

"Huyu ndiye atakayemaliza kwanza," Herminia alisema. "Toa wewe hicho kipaza sauti. Mungu alikupa koo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Watu walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Kisha Oralia Armendáriz, ambaye hakuwahi katika maisha yake kumwachia Herminia neno la mwisho, aliinama na kuung'oa waya wa pipa la kahawa.

"Anayetaka kahawa aiote," alisema. "Nani mwingine? Wewe uliyekumbatia hita kama mchumba, sogea."

Mtu akang'oa hita moja. Pruitt alikitazama kipaza sauti chake kwa muda, akauchomoa waya. Kijana wa mlangoni alitoka kwenda kuvuta kamba ya jenereta, mara ya kwanza, mara ya pili, ikashika. Taa mbili za dari zikarudi. Na chini ya dirisha mashine ya Placido ikaanza kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, na kwa kuwa hapakuwa na kipaza sauti, aliyetaka kusikilizwa ilimbidi angoje mashine ivute kwanza. Hivyo ndivyo mjadala wa Caliche ulivyoendeshwa, kwa pumzi ya mchambua pamba.

*

Wa kwanza kusema alikuwa Dalton Stroud, mwenye ardhi yenye visima vya gesi na mjumbe wa bodi ya ushirika tangu arithi kiti cha baba yake. Si mtu mbaya Dalton. Ni mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana na mtu ambaye hakumzaa.

"Mimi nasema tulilolijua siku zote," alisema. "Upepo ni wa kusindikizia. Siku ya jua kali, siku ya raha, mapangaboi yanacheza. Siku ya shida yamesimama kama misalaba. Napendekeza ushirika uvunje mkataba na mashamba ya upepo. Leo. Tununue umeme wa gesi peke yake, umeme unaotegemeka."

Wengi walipiga makofi. Wachache walipiga kwa kujipasha joto.

Nabor alisimama. "Mimi hufunga na kufungua hayo mapangaboi. Bwana Stroud anasema kweli nusu. Nusu yameganda kwa sababu walioyajenga walibana matumizi. Nusu yanazunguka, na balbu zinazowaka mjini sasa hivi zinakula huko. Mkivunja mkataba leo, mtazima na hizo. Mimi siwaambii upepo unatosha. Baridi hii hautoshi. Nawaambia kinachotuangusha ni kutegemea kitu kimoja na kukiacha uchi."

"Unatetea mshahara wako, kijana!"

"Na wewe unatetea visima vyako, bwana. Tuko sawa."

Kelele zikapanda. Mmoja alisema Mungu ametuma baridi kwa makusudi yake, mwingine alisema basi atume na mafuta ya taa. Herminia aliinua mkono. Pruitt hakumwona, au aliona akapita. Akaushusha, akauinua tena. Mwishowe alisema tu, akiwa amesimama.

"Nina swali la mgao. Mnasema mgao. Mgao maana yake ni zamu, leo kwangu kesho kwako. Sisi wa barabara ya kaskazini tumezimwa tangu juzi. Zamu yetu ya kuwashwa ni lini?"

"Zamu zimesimama, mama," Pruitt alisema. "Umeme unaotufikia ni mdogo mno. Nikiwasha huku nazima kule."

"Zimesimama. Mbona zilisimama kwetu?"

Pruitt alianza kupanga karatasi zake upya.

"Na jingine. Laini yenu ilipozimwa, mtambo wa gesi ulio mbele ya nyumba yangu ulizimika nao. Sekunde ile ile. Kwani mtambo wa gesi unakula umeme?"

Ukumbi uligeuka kumtazama mtu mmoja. Cruz alisimama pole pole, kofia mikononi.

"Unakula," alisema. "Zamani ulikuwa unakula gesi yake mwenyewe. Kampuni ikabadili, ikaweka mota za umeme, ni rahisi zaidi." Mashine ya Placido ikavuta, ikaachia. "Na kuna jambo. Kampuni ilijiandikisha kwenye mpango wa punguzo. Ushirika wenu unampa mteja mkubwa bei nafuu, akikubali kwamba siku umeme ukipungua azimwe yeye kwanza. Wakubwa wakasema, Texas umeme utapungua lini? Chukua punguzo. Basi umeme umepungua, tukazimwa sisi kwanza. Tulipozimwa, gesi haikusukumwa. Gesi haikusukumwa, kituo cha kufua umeme kikakosa chakula. Umeme ukapungua zaidi. Mnaelewa? Tumejikata mguu ili viatu vituenee."

"Ulijua hili tangu juzi?" Stroud aliuliza.

"Nilijisemea visima vimeganda. Vingine vimeganda kweli. Lakini jana mama huyu aliniambia alivyosikia, na nikajua." Cruz aliigeuza kofia. "Sikusema kwa sababu nina kazi pale. Na kwa sababu ya nyama. Mnakumbuka kila Krismasi kampuni hugawa mapaja ya nguruwe ya moshi, nyumba kwa nyumba? Ni mimi niliyekuwa nayazungusha kwa gari. Faida ya lile punguzo ndiyo iliyonunua. Wote humu mmekula. Na mimi nimekula."

Watu walikuwa wanakumbuka ladha. Herminia alikumbuka paja la mwaka jana, alivyolipaka sukari na haradali, Placido alivyolamba vidole. Mafuta yake yalikuwa bado jikoni kwake, kwenye kopo, na alikuwa amekaangia maharage asubuhi ile.

"Kwa hiyo ukiwashwa," Nabor alimwuliza, "utasukuma?"

"Nikipata umeme na mtu mmoja wa kunishikia tochi ya moto niyeyushe barafu kwenye koki, kabla ya giza utasukuma. Si visima vyote vitatoa. Vya kutosha vitatoa."

Pruitt alikuwa tayari ameshika redio ya mkononi, lakini hakuwa ameibonyeza. "Ndugu wanachama, siwezi kuwasha laini ya kaskazini bila kuzima nyingine. Ya hospitali siigusi. Ya pampu za maji siigusi. Inayobaki ni ya magharibi."

Magharibi ni nyumba za matofali, benki, uwanja wa gofu, na wajumbe wote wa bodi isipokuwa mmoja. Tangu mgao uanze ilikuwa haijazimwa hata dakika, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu, kwa kuwa kila mtu aliijua.

"Haiwezekani," Stroud alisema. "Kuna wazee kule. Kuna mabomba ya ndani yatapasuka. Mama yangu ana miaka tisini na..."

"Usinitajie umri," ilisema sauti kutoka kiti cha mbele.

Alikuwa Lurlene Stroud mwenyewe, mwembamba kama fimbo, mkoba mapajani. Muda wote alikuwa ameketi na uso umeelekea dirishani, anautazama ule mrija na pua ya mzee mwenye kofia ya sungura. Alimjua. Placido alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili waliofukuzwa kwa kudai barakoa, na kiwanda kilikuwa cha kaka yake.

"Mama, nyumba itakuwa barafu."

"Vaa koti, Dalton."

"Mama..."

"Vaa koti, nimesema. Bwana Pruitt, wewe ulikuwa unangoja mikono? Wangu huu hapa." Aliuinua.

Mikono haikupanda kwa pamoja kama kwenye picha. Ulipanda mmoja, kisha wa Oralia ambaye hakuwa mtu wa magharibi na hapakuwa na haja, kisha wa mwenye duka la matairi, kisha mume akamtazama mkewe. Wengine hawakuinua kabisa, na walitoka nje wakibamiza mlango. Lakini ilitosha. Pruitt alibonyeza redio akasema maneno machache na mafundi wake, sauti yake imekauka.

Cruz alikuwa ameshapita mlangoni. Alirudisha kichwa ndani.

"Nabor! Unangoja nini? Tochi unaijua?"

"Naijua, baba."

"Gari lako lina magurudumu ya kushika. Langu linacheza ngoma. Twende, mtu wa upepo."

*

Waliporudi kutoka mjini kesho yake jua lilikuwa juu ya theluji linaumiza macho. Placido alikuwa amelala ukumbini kwenye godoro la mazoezi ya viungo, jirani na watu wa magharibi waliokuja na mito yao ya hariri, na alikuwa amefurahia zaidi ya alivyokubali kusema. Oralia ndiye aliyewaendesha. Nabor na Cruz walikuwa hawajalala, walikuwa huko kwenye visima wanahama kutoka koki hadi koki, na habari zao zilikuwa zinafika mjini kwa redio, kila saa kidogo kuliko watu walivyotaka na zaidi ya walivyotegemea.

Kabla ya kona ya nyumbani Placido alimgusa mkewe.

"Fungua kioo."

"Utapata baridi."

"Fungua, nimesema, au niombe ruhusa kwa Lurlene?"

Herminia alifungua. Upepo uliingia na sauti ikaingia nao, nzito, ya chini, ile ile iliyomnyima usingizi miaka yote. Mtambo ulikuwa unanguruma. Nyuma yake, mbali juu ya mashamba, mapanga meupe yalikuwa yanadondosha vipande vya barafu virefu kama milango, na lililokwisha kudondosha lilikuwa linaanza kuzunguka, zito, kama mtu anayeamka.

"Makelele hayo," Placido alisema, macho yamefumbwa.

"Yaache yapige."

*

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, siku ya nyama ya bure, wanachama wa Caliche walipiga kura, na safari hii walikuwa wanajua wanachokipigia. Hoja ya Dalton Stroud ya kuvunja mkataba wa upepo ilianguka. Mwenye mashamba ya upepo aliambiwa afunge vipasha joto au atafute mnunuzi mwingine, na alilalamika sana akafunga nusu, na ile nusu nyingine bado inadaiwa. Mtambo wowote wa gesi ukapigwa marufuku kuingia kwenye punguzo. Zamu za mgao zikaandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na ya magharibi imo. Herminia alipendekezwa kwa bodi, akashindwa kwa kura chache, na amesema atarudi. Cruz hakufukuzwa. Alihamishiwa zamu mbaya, ambayo ndiyo njia ya watu wenye aibu kumfukuza mtu.

Mkesha wa Krismasi alipiga hodi kwa kina Zubía akiwa mikono mitupu. Nje baridi ilikuwa imekaza tena, na ng'ambo ya barabara mtambo ulikuwa unanguruma hadi vikombe vinatetemeka kabatini.

"Mwaka huu hakuna paja," alisema kizingitini, kana kwamba yeye ndiye aliyelila. "Kampuni inasema, bila punguzo hakuna paja. Nimepita nyumba zote kuwaambia. Wengine wamenifungia mlango."

Ndani, chini ya taa, Nabor alikuwa anamsaidia Oralia kufunga tamale, unga wa mahindi wenye maharage ndani, kwenye maganda ya mahindi na kuzikosea, na Placido alikuwa anawaelekeza wote wawili kutoka kitini, mrija puani, mashine miguuni inavuta na kuachia.

"Ingia ufunge," Herminia alimwambia. "Baridi inaingia."